Tunaiosha miguu mara tano kwa siku: je, tunaitazama?

  

Ndugu zangu katika imani, leo napenda tuzungumze juu ya kiungo ambacho twakiosha kila siku na twakisahau kila siku, nacho ni mguu. Hasa mguu wa ndugu yetu aliyepewa mtihani wa maradhi ya kisukari. Nitaanza na kisa ambacho kinanihusu mwenyewe, nami sina budi kukieleza ingawa hakinipi sifa.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri katika msikiti mmoja wa kijijini huko milima ya Upare, kijana anayefagia msikiti aliona matone ya damu juu ya mkeka, safu ya kwanza. Waumini wakakusanyika na mjadala ukaanza papo hapo: je, mkeka umenajisika? Na waliosujudu hapo, sala yao imesihi? Mimi nilikuwa mgeni wao siku hiyo. Nikaulizwa, nikajibu kwa urefu na kutaja kauli za maimamu. Mkeka ukatolewa nje ukaoshwa. Wakati sisi tukiendelea na hoja zetu, mtoto mmoja wa madrasa akasema kwa upole, "Babu, mguu wako ndio unatoka damu."

Alikuwa akimwambia mzee mmoja mwenye kisukari cha zaidi ya miaka kumi. Tulipoichukua katambuga yake mlangoni tulikuta msumari umeipenya raba, na ncha yake imejitokeza ndani. Alikuwa ametembea nao tangu jana yake, akapanda na kushuka kilima, na unyayo ulikuwa na matundu kadhaa. Mzee akatushangaa kama tulivyomshangaa yeye. "Wallahi sikuhisi kitu," akasema.

Nilimwombea dua, nikamwambia avumilie, nikateremka zangu kwenda Same mjini. Nyumbani kwake mguu ulipoanza kuvimba, jirani mmoja alisema mzee "amekanyaga kitu" alichotegewa na mahasidi. Zikaletwa dawa za majani, ukanyunyizwa unga wa vidonge, siku zikapita. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeshaanza kuoza, na madaktari wakaukata chini ya goti ili kuyaokoa maisha yake. Masuala yote ya unajisi wa mkeka niliyakumbuka asubuhi ile. Mguu wa mzee sikuutazama mara ya pili. Namwomba Allah anisamehe, na ndiyo sababu ya makala haya.

Mlinzi aliyelala

Maumivu ni neema ambayo wachache huishukuru. Mwiba ukikuchoma, unaruka. Kaa la moto likikugusa, unaondoa mguu kabla hujafikiri. Maumivu ni mlinzi aliyewekwa mlangoni na Muumba. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huidhuru mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, yaani iendayo kwenye vidole vya miguu. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi, kuwaka moto usiku, au kama sisimizi wanatembea. Kisha hata hayo huondoka. Wengi hufurahi wakidhani wamepona, kumbe mlinzi amelala.

Hilo ndilo jambo la kwanza na kubwa linalomwingiza mwenye kisukari katika hatari ya vidonda. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, aliyeitumikia kazi hii kwa miaka mingi pamoja na wenzake wa Muhimbili, ameonyesha katika maandishi yake kwamba vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari wa hapa kwetu mara nyingi hutokana na kupotea kwa hisia. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha habari inayosikitisha: wagonjwa wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasihisi chochote, wakaja kuyaona majeraha walipoamka. Mtu anatafunwa kidole naye amelala! Hapana hoja iliyo wazi kuliko hiyo.

Wala tusidhani maradhi haya ni ya matajiri wa mijini. Utafiti wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta takriban mtu mzima 1 katika kila 100 ana kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 katika kila 100 miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Katika safu moja ndefu ya sala ya Ijumaa, basi, hesabu wewe mwenyewe.

Nani yuko katika hatari zaidi?

Si kila mwenye kisukari atapata kidonda. Wapo walio karibu zaidi na hatari, na ni wajibu wa familia kuwajua.

Wa kwanza ni huyo aliyepoteza hisia. Wa pili ni yule ambaye damu haifiki vyema miguuni kwa sababu mishipa yake imeziba. Huyu huumwa na misuli ya mguu akitembea, akisimama hutulia, na jeraha lake halifungi upesi. Uvutaji wa sigara huizidisha hali hiyo, nayo ni sababu nyingine ya kuiacha tumbaku. Wa tatu ni mwenye mguu uliobadilika umbo: vidole vilivyojikunja, mfupa uliojitokeza, au sugu nene unyayoni. Chini ya sugu ngozi hugandamizwa kila hatua mpaka ikapasuka ndani kwa ndani, huku juu panaonekana pazima.

Wa nne, na hatari yake ni kubwa kuliko wote, ni aliyewahi kuwa na kidonda au kukatwa kidole. Kati ya kila wagonjwa 10 waliopona kidonda, takriban 4 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Kupona kwake si mwisho wa uangalizi bali ni mwanzo wake. Kisha waongezwe wenye maradhi ya figo, wenye macho yaliyofifia, waliougua kisukari kwa miaka mingi, wasioidhibiti sukari yao, na wazee waishio peke yao ambao hawana wa kuwatazamia unyayo.

Ipo njia nyepesi ya kujua kama mlinzi amelala, nayo hufanyika nyumbani bila ya chombo. Mgonjwa avue viatu, alale, afumbe macho. Mtu wa nyumbani amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kukuna. Aguse ncha ya kidole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Hiyo ni miguso 6, na mgonjwa aseme kila anapohisi. Miguso 2 au zaidi ikimpita bila kuihisi, ahesabiwe kuwa miguu yake imo hatarini na apelekwe kwa mganga wa hospitali akachunguzwe.

Milima yetu na tambarare zetu

Kila nchi ina namna yake ya kuujeruhi mguu. Anayeishi juu, pande za Mbaga, Chome, Vudee au Suji, anaijua baridi ya miezi ya Juni na Julai. Jioni wazee huketi karibu na mafiga wakinyoosha miguu motoni. Kwa mwenye ganzi hapo pana hatari kubwa: ngozi huungua polepole naye anaona raha ya joto. Vivyo hivyo maji ya moto ya kutawadhia alfajiri. Mwenye kisukari asiyapime kwa mguu wake. Ayapime kwa kiwiko, au bora zaidi ayapimiwe na mtu mwingine. Mvua zikinyesha, njia za mawe na utelezi hujeruhi vidole, na viatu vya mpira vikilowa ndani huilainisha ngozi hata ikachubuka.

Anayeishi chini, kuanzia Same mjini hadi Makanya na Hedaru, au upande wa pili wa milima kule Kisiwani na Ndungu, ana adui wengine: ardhi inayochoma mchana, miiba ya migunga, visiki vya mashamba ya mkonge, na kwa wakulima wa mpunga, kushinda na miguu majini. Ndala nyembamba haizuii mwiba, na katambuga, pamoja na ugumu wake, huweza kubeba msumari kama tulivyoona. Viatu vinavyofaa ni vile vyenye wayo mgumu, vipana mbele, vinavyofunika vidole bila kubana, na vinunuliwe jioni kwa kuwa mguu huvimba kidogo mwisho wa siku.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba anayekwenda kulala akung'ute matandiko yake kwanza, kwa kuwa hajui kilichoingia humo baada yake. Ukitaka kufuata hekima ya mafundisho hayo, kung'uta na kiatu chako pia, kisha uingize mkono ndani upapase kabla ya kuuingiza mguu. Na chumba anacholala mwenye ganzi kisiachwe na makombo ya chakula yanayowaita panya.

Udhu ni ukaguzi

Ndugu yangu Muislamu, madaktari duniani kote wanawaomba wagonjwa wa kisukari wakague miguu yao kila siku, na wengi hushindwa kwa kusahau. Sisi Mola wetu ametuamrisha katika Suratul-Maida, aya ya 6, tuioshe miguu hadi vifundoni. Mtume (S.A.W.) aliwaonya kwa ukali watu walioacha visigino vyao bila kufikiwa na maji, na akamwelekeza sahaba Laqit bin Sabira autimize udhu vyema na kupitisha maji baina ya vidole. Tazama sehemu hizo: kisigino, kifundo, baina ya vidole. Ndizo zinazofichika machoni, na ndizo ambazo kidonda hupenda kuanzia.

Udhu tunao, basi. Kinachokosekana ni macho. Tunamwaga maji huku tukizungumza, tunasugua mara tatu na kuondoka. Mwenye kisukari achague udhu mmoja wa siku wenye mwanga wa kutosha, kama wa adhuhuri, aufanye kuwa wa ukaguzi. Autazame mguu juu na chini, atenganishe vidole kimoja kimoja, atafute mkwaruzo, lengelenge, mpasuko wa kisigino, ngozi iliyobadilika rangi, au mahali penye joto kuliko penginepo. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni. Asiyeona vizuri atazamiwe na mkewe, mumewe au mjukuu. Mtoto yule wa madrasa aliona nilichoshindwa kukiona mimi. Tuwape watoto wetu kazi hiyo, nao watapata thawabu za kuwatendea wema wazazi.

Akimaliza, akaushe baina ya vidole kwa kitambaa kikavu, kwani unyevu hapo huleta ukurutu na kupasua ngozi. Wanazuoni wengi hawakuona ubaya wa kujifuta baada ya udhu. Apake mafuta ya kawaida juu na chini ya mguu, lakini asipake baina ya vidole. Kucha, ambazo kuzikata ni katika sunna za maumbile, zikatwe kwa kunyooka bila kuchimba pembeni, na mwenye macho dhaifu akatiwe na mwingine. Sugu lisichongwe kwa wembe nyumbani.

Hapa nina neno la faragha kwa wenye kusali sana. Kikao cha tahiyyatu hugandamiza kifundo cha mguu wa kushoto na kuvikunja vidole vya kulia. Wengi wetu tuna sugu juu ya kifundo kwa sababu hiyo, na wengine hulionea fahari. Kwa mwenye kisukari sugu hilo ni mahali pa kuangaliwa kila siku. Asali juu ya msala mnene, na akiona ngozi imeanza kuchubuka abadili namna ya kukaa. Sala yake haipungui chochote kwa udhuru huo.

Dini haikuletwa kututia katika dhiki

Mwenye kidonda unyayoni huambiwa na daktari asikikanyagie, kwa sababu kila hatua hukifungua upya. Wazee wetu wengi husema, "Nitawezaje kuacha kusimama mbele ya Mola wangu?" Imran bin Huswain (R.A.) alipougua, Mtume (S.A.W.) alimfundisha asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari. Basi kukaa kwa amri ya daktari mwaminifu ni ibada, na kusimama juu ya kidonda si ushujaa.

Kuhusu maji, Abu Daud amepokea kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Kila nikiisoma hadithi hiyo sasa, hukumbuka mkeka ule. Mafakihi wameeleza kwa urefu hukumu za kupaka maji juu ya bendeji na za kutayamamu kwa anayedhurika na maji. Muulize imamu wako kuhusu hukumu na daktari wako kuhusu jeraha, wala usimfanye mmoja mahali pa mwenzake.

Vilevile, wanaojiandaa kwenda Hija wajue kwamba mwanamume aliyehirimia anaruhusiwa kuvaa kandambili. Mwenye ganzi asitembee pekupeku juu ya ardhi ya Makka iliyopigwa na jua. Na wanaofanya hijama wasimpige chuku miguuni mtu mwenye kisukari; kumfungulia majeraha mahali asipohisi ni kumtafutia balaa.

Jeraha likitokea

Likionekana jeraha, hata dogo kama punje ya mtama, lioshwe kwa maji safi, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa aende kituo cha afya bila kusubiri lione "litageukaje". Mguu ukivimba, ukipata joto, ukitoa usaha au harufu, ukiwa mweusi, au mgonjwa akipata homa, safari ni ya siku hiyo hiyo. Hata mguu uliovimba na kupata moto bila ya kidonda usipuuzwe, kwa sababu mifupa huenda inavunjika ndani bila maumivu. Majivu, majani, mafuta ya taa na unga wa vidonge visiwekwe kabisa.

Najua si jambo jepesi. Kutoka vijiji vya juu hadi Hospitali ya Wilaya ya Same ni safari ya gharama, na kutoka Same hadi KCMC Moshi ni takriban kilomita 100 nyingine. Lakini nauli ya leo ni ndogo kuliko gharama ya mguu. Mradi wa "Hatua kwa Hatua", ulioanzishwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000 na Daktari Abbas na wenzake kwa kuwafunza madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu, ulionyesha kwamba matokeo ya wagonjwa huboreka pale wanapofundishwa mapema na kutibiwa mapema, hata katika nchi yenye uwezo mdogo. Msikiti unaweza kuwa na mfuko wa nauli kwa ajili hiyo. Hiyo nayo ni sadaka.

Na hata asiye na kidonda aombe miguu yake ikaguliwe kliniki. Miongozo ya kimataifa inaelekeza kwamba mwenye kisukari ambaye miguu yake ni mizima akaguliwe walau mara 1 kwa mwaka. Aliyepoteza hisia kila miezi 6 hadi 12. Na aliyewahi kuwa na kidonda kila mwezi 1 hadi 3. Daktari asipokuvua viatu, vivue mwenyewe, umwombe kwa adabu atazame.

Subira yenye macho

Wako watakaosema kwamba yote ni kadari. Ni kweli, na kujikinga nako ni kadari. Urwa bin Zubair, mjukuu wa Abubakar Siddiq kwa mamaye Asma, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, aliugua ugonjwa wa kuoza mguu akiwa safarini Sham. Waganga walimshauri ukatwe kabla maradhi hayajapanda, naye akakubali, akasubiri subira inayotajwa hadi leo. Tunaitaja sana subira yake na tunasahau kukubali kwake. Hakusema "nitasubiri tu". Alifuata ushauri wa wenye ujuzi, kisha akasubiri juu ya yale yasiyoepukika.

Mzee wetu yungali hai, alhamdulillahi. Anasali akiwa ameketi kitini, safu ile ile ya kwanza. Mguu uliobaki hutazamwa na mjukuu wake kila siku kabla ya adhuhuri, na mara ya mwisho niliponyanyua mkono kumwombea dua, alinizuia akatabasamu. "Shehe," akasema, "kwanza tazama, halafu omba."

Suratu Yasin inatukumbusha kwamba siku ile miguu yetu itatoa ushahidi. Twaomba isije ikashuhudia kwamba tuliiosha mara tano kwa siku, na hatukuitazama hata mara moja.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira waliopoteza viungo vyao, na utujaalie kuwa wenye kuzijali amana ulizotupa. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.